Pesa ya Bibi Katika Nyumba ya Qurum

Pesa yenyewe ni ya shaba, imelika ukingoni, na upande mmoja ina mizani. Chini ya mizani umeandikwa mwaka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, mwaka wa Hijria ambao kwa Miladia ni 1882. Upande wa pili, ukiielekeza kwenye mwanga, linajitokeza jina la Sayyid Barghash bin Said, sultani wa Unguja. Bibi yangu alikuwa akiifunga kwenye pindo la kanga pamoja na chembe mbili tatu za karafuu, na mpaka anakufa hakuwahi kutuambia kaipata wapi. Nilisafiri nayo hadi Maskati ndani ya kitambaa cha mfukoni. Nilitaka kuipeleka mahali ambapo mtu angeitazama bila haraka.

Mahali penyewe panaitwa Bait Adam. Ni makumbusho ya mtu binafsi huko Qurum, mtaa wa majumba meupe na kuta ndefu, bahari ikiwa jirani. Ukipita kwa gari utadhani ni nyumba kama nyumba nyingine za hapo. Mchana mtaa huo umenyamaza kabisa. Tulichokisikia ni kunguru na mashine za kupoza hewa. Tulipiga simu kwanza, kama mtu anavyokwenda kwa watu, tukavua viatu vyetu akilini kabla ya kufika mlangoni.

Nilifuatana na mama mdogo, mzaliwa wa Vuga, Unguja, ambaye amekaa Maskati tangu miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipowafungulia milango Waomani wa Unguja na Pemba warudi. Kiswahili chake ni kile cha Mji Mkongwe wa zamani, hakijaguswa. Njiani alininyooshea kidole upande wa hifadhi ya Qurum.

"Unajua Qurum maana yake nini, mwanangu?"

Nilikuwa sijui.

"Mikoko. Hawa wenyewe wanaiita qurm. Sisi kwetu ungeambiwa mchu."

Nikatazama tena. Kweli, ni michu ile ile, majani ya kijivu kwa chini, mizizi imetoka topeni kama vidole. Eneo hilo limehifadhiwa tangu 1975. Mikoko ya kwao ni mifupi, haitoi boriti, na ndiyo maana kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi yakiwa na tende na samaki wa chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na Rufiji. Mapaa ya nyumba za udongo za huku yaliegemea miti ya kwetu. Upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa boriti zetu. Kwa upande wa Lamu biashara hiyo ilidumu mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Ndani ya Bait Adam vitu vimekaribiana: sarafu, stempu, vito vya fedha, silaha, picha za zamani. Ni mkusanyiko wa mtu aliyetumia umri wake kununua, kuuliza na kutunza, na hilo unalihisi katika jinsi vilivyopangwa. Kwenye makumbusho makubwa kitu kimoja huwekwa peke yake chini ya taa, ukakizunguka. Hapa kitu kinakaa na wenzake, kama vyombo katika kabati la bibi. Jicho linachoka upesi, lakini moyo hautaki kuondoka.

Mimi nilikwama kwenye sarafu.

Kila Mswahili aliyepita miaka sabini atakuwa amesikia neno reale. Reale iliyotawala pwani yote hii, kutoka Maskati hadi Kilwa, ilikuwa sarafu ya fedha yenye sura ya mwanamke mnene aliyevaa ushungi: Maria Theresa, malkia wa Austria. Alikufa 1780, na sarafu zake zikaendelea kupigwa kwa miaka mingi zikiwa na mwaka huo huo 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Ghuba walikataa nyingine yoyote. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo. Wanawake wa Oman walizivaa shingoni, na masonara waliziyeyusha wakafanya makoa na mikufu. Kwa hiyo ukiona mkufu wa fedha wa zamani huku, inawezekana kabisa unamtazama Maria Theresa akiwa amebadilishwa umbo.

Reale hizo hizo ndizo zilizogawa dola ya Maskati na Unguja. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wake, alipofariki baharini mwaka 1856, wanawe walinyang'anyana urithi: Thuwaini akashika Maskati, Majid akashika Unguja. Waingereza wakaamua. Mwaka 1861 Lord Canning, gavana wao mkuu wa Uhindi, alihukumu kwamba nchi mbili zitengane, na Unguja, kwa kuwa ndiyo tajiri, iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Shuleni tulisomeshwa jambo hili kwa sentensi moja. Ukisimama mbele ya reale moja tu, ukaona ukubwa wake, ukazidisha kwa arobaini elfu, ukakumbuka kwamba utajiri huo ulitegemea pia karafuu iliyochumwa na mikono ya watumwa wa Unguja na Pemba, utaielewa sentensi hiyo kwa namna nyingine. Hesabu hiyo nimeifanya pale pale: ni zaidi ya tani moja ya sarafu za fedha kwa mwaka.

Kuna hadithi nyingine iliyonijia mbele ya makabati yale, na hii mama mdogo aliijua kuliko mimi. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said iitwayo Sultana, iliyoundwa Bombay, ilitia nanga New York. Ilitoka Maskati ikapitia Unguja, ikabeba tende za huku, mazulia ya Uajemi, kahawa ya Mokha, na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu za kwetu. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman al-Kaabi. Alichukua farasi wawili kwa rais wa Marekani, na Wamarekani wakababaika, maana sheria yao haikumruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme. Mchoraji mmoja wa mji huo, Edward Mooney, alimchora mjumbe huyo, na sura yake ingali ikionekana mpaka leo: kilemba, ndevu, macho ya mtu asiyeshangaa upesi.

"Alipita Unguja," mama mdogo akasema, kana kwamba anamtaja jirani. "Lazima alikunywa maji ya Unguja."

Maskati haina upungufu wa makumbusho. Bait Al Zubair, nayo ya familia binafsi, ilifunguliwa 1998 katika mji wa zamani. Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa 2016, yakitazamana na kasri ya Al Alam. Nimekwenda kote na ninawashauri wasomaji waende. Lakini nyumba ya mtu inanigusa zaidi, na sababu yake ninaijua. Kwetu Unguja, Beit al-Ajaib, aliyoijenga Barghash huyu huyu wa pesa yangu mwaka 1883, ilianguka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, ikaua watu wawili, na sote tulilia na kuandika. Na tulikuwa na haki ya kulia. Ila kabla ukuta ule haujaanguka, majumba mangapi ya watu yalikuwa yameshamwagwa kimya kimya?

Nyumba ya bibi ni moja wapo. Alikuwa na kasha la njumu, kubwa, lenye vidroo vitatu chini. Baada ya arobaini yake ndugu walihitaji nafasi. Akaja mnunuzi mmoja na gari, akalichukua kwa bei ambayo hata kuitaja naona uchungu. Barua zilizokuwamo, nyingine kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, zilichomwa uani kwa kuwa hakuna kijana aliyeweza kuzisoma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na nilisaidia kubeba. Ilinusurika pesa ya mizani tu, kwa vile ilikuwa kwenye kanga.

Niliitoa kitambaani, nikaiweka kwenye kiganja cha mama mdogo. Aliigeuza mara mbili. Akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, kama alivyofundishwa utotoni na bibi yake mwenyewe, kwamba sitini na nne za namna hii zilifanya rupia moja.

Baadaye tuliketi ufukweni, Shati al Qurum, jua likizama nyuma ya mahoteli. Akaninunulia kahawa kibandani. Muuzaji akarudisha chenji: noti ya baisa mia na vishilingi viwili vya hamsini. Riali moja ya Oman ni baisa elfu, na baisa na pesa ni neno moja, wote tumelichukua kutoka Uhindi, kila mmoja akalitamka kwa ulimi wake. Mama mdogo alizipanga mezani, ya Barghash katikati.

Tulipoinuka aliziacha za Oman zikae kwa mhudumu. Ya shaba aliishika.

"Iache kwangu usiku huu," akasema. "Kesho utaichukua."

Akaifunga kwenye pindo la leso yake.