Mama Aliyekataa Kutia Sahihi

Tuseme mtoto wako hapa Zombo ameshikwa na homa. Umempeleka zahanati. Amepimwa damu, ameonekana ana malaria. Mganga amekupa dawa mseto na kukueleza namna ya kumpa. Unarudi nyumbani, unachota maji, unampa mtoto kidonge. Huulizi kimetengenezwa na nani. Huulizi kama ndani yake mna dawa kweli au mna unga mtupu. Unaamini tu.

Lakini kabla kidonge hicho hakijafika Zombo, kuna watu waliosoma karatasi zake na kukipima. Watu hao ni wakaguzi wa dawa. Mganga wetu tunamjua. Mkunga tunamjua. Hata dereva wa basi la Kilosa tunamjua kwa jina. Mkaguzi wa dawa hatumjui, kwa sababu akifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea. Hakuna aliyekufa, basi hakuna habari. Kwa hiyo leo tutawataja wachache wao.

DAWA YA USINGIZI

Mwaka 1957 kiwanda kimoja cha Ujerumani Magharibi kilianza kuuza dawa ya usingizi. Dawa hiyo iliitwa thalidomidi. Ilisifiwa kuwa haina madhara yo yote. Akina mama wajawazito nao walipewa, ili kutuliza kichefuchefu cha asubuhi. Ikauzwa katika nchi nyingi za Ulaya na kwingineko.

Septemba 1960, kampuni moja ya Marekani iliomba ruhusa ya kuiuza nchini humo. Marekani ina idara ya serikali inayosimamia chakula na dawa. Maombi yale alipewa daktari mmoja mwanamke, jina lake Frances Kelsey. Alizaliwa Canada mwaka 1914. Alikuwa ameanza kazi katika idara ile mwezi mmoja tu uliopita. Wakubwa wake walidhani kazi hiyo ni nyepesi, inamfaa mgeni.

Sheria ya wakati ule ilimpa mkaguzi siku 60. Siku zikipita bila yeye kusema neno, dawa inaingia madukani. Mama Kelsey alisoma karatasi za kampuni. Aliona sifa nyingi na vipimo vichache. Akaandika barua kuomba maelezo zaidi, na siku zikaanza kuhesabiwa upya. Kampuni ikaleta karatasi nyingine. Hazikumridhisha. Akaandika tena.

Kampuni ilikasirika. Watu wake walimpigia simu, wakamwandikia, wakamwendea ofisini. Walimlalamikia hata kwa wakubwa wake. Walimwona mkaidi anayezuia biashara ya watu.

Februari 1961 alisoma barua katika gazeti la waganga wa Uingereza. Mganga mmoja aliandika kwamba wagonjwa wake waliotumia dawa ile muda mrefu walikuwa wanakufa ganzi mikono na miguu. Mama Kelsey akajiuliza: Ikiwa dawa inaharibu mishipa ya fahamu ya mtu mzima, je, mtoto aliye tumboni itamfanya nini?

Swali hilo halikumjia kwa bahati. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mmoja wa wataalamu waliotafuta dawa za malaria, ugonjwa wetu huu huu. Walijaribu kwinini kwa sungura. Waliona kwamba mwili wa sungura mkubwa unaweza kuivunja kwinini, lakini mtoto aliye tumboni hawezi. Tangu hapo alijua kwamba dawa inayomfaa mama inaweza kumdhuru mtoto.

Mwishoni mwa mwaka 1961 jibu likapatikana, nalo lilikuwa baya. Waganga wa Ujerumani na Australia waligundua kwamba watoto wa mama waliokunywa thalidomidi walizaliwa na vilema vikubwa. Wengine hawakuwa na mikono. Wengine viganja viliota begani. Wengi walikufa wakiwa wachanga. Duniani kote watoto hao walikuwa zaidi ya 10,000. Huko Marekani walihesabiwa 17. Baadhi ya mama zao walipata vidonge ambavyo kampuni ilikuwa imewagawia waganga kwa majaribio, kabla ya kupewa ruhusa.

Tarehe 7 Agosti, 1962, Rais John Kennedy alimvisha Mama Kelsey nishani. Oktoba ya mwaka ule sheria ikabadilishwa. Kampuni ikatakiwa ithibitishe kwamba dawa ni salama na kwamba inaponya. Ukimya wa mkaguzi haukuwa ruhusa tena. Yeye mwenyewe aliendelea na kazi mpaka mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 90. Alifariki mwaka 2015, mwenye miaka 101.

Angalia vizuri alichofanya. Hakuvumbua dawa wala hakumpasua mgonjwa. Alikaa mezani, akasoma, akakataa kutia sahihi. Mtu wa namna hii ni rahisi kumwita mchelewesha mambo. Maofisini wapo wachelewesha mambo kweli, tunawajua. Tofauti ni kwamba huyu alieleza kila mara ni kitu gani anachokitaka, naye asingehitaji bahasha ili akubali.

SUMU ILE ILE

Kuna jambo jingine. Mwaka 1937, Mama Kelsey akiwa bado mwanafunzi mjini Chicago, kampuni moja ya Marekani iliuza dawa ya maji iliyochanganywa na kimiminika cha viwandani. Kimiminika hicho ni kitamu mdomoni, lakini kinaua figo. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Yeye alikuwa mmoja wa vijana waliosaidia kuitafuta sumu hiyo.

Sasa sikia hili. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa za maji za kikohozi zilizouzwa Gambia, hapa hapa Afrika. Zilikuwa na sumu ile ile. Watoto wapatao 70 walikuwa wamekufa kwa figo. Miaka 85 ilikuwa imepita na sumu inajulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuipima dawa kabla haijafika kwa mama.

RISASI KWENYE KILEMBA

Kazi hii ina hatari zake. Nchini Nigeria alikuwepo Profesa Dora Akunyili, mfamasia. Mdogo wake alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Alikufa mwaka 1988 baada ya kudungwa insulini ya bandia. Mwaka 2001 Dora Akunyili akapewa uongozi wa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi yake. Alifunga masoko ya dawa, akachoma shehena za dawa bandia hadharani. Desemba 2003 watu wenye bunduki walilipiga risasi gari lake. Risasi ilipita kwenye kilemba chake na kumkwaruza kichwa. Dereva wa basi lililokuwa karibu aliuawa. Yeye alifunga kidonda, akarudi kazini, akaendelea na wadhifa huo mpaka mwaka 2008. Alifariki mwaka 2014.

HAPA TANZANIA

Nchi yetu ilitunga sheria ya dawa na sumu, na sheria ya ubora wa chakula, mwaka 1978. Mwaka 2003 sheria mpya iliunganisha kazi hizo mbili, ikaundwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mkurugenzi Mkuu wa kwanza alikuwa mwanamke, mfamasia Margareth Ndomondo-Sigonda. Baada yake alikuja Hiiti Sillo. Katika miaka hiyo ndipo yalipoanza maduka ya dawa muhimu. Yalianzia Ruvuma mwaka 2003, kisha yakaenea mikoa mingine, pamoja na Morogoro. Muuzaji wa duka la namna hii lazima awe amefunzwa, na duka lazima liwe na kibali.

Mwaka 2012 wakaguzi walikamata dawa bandia za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI katika hospitali ya Tarime, mkoani Mara. Fikiri juu ya mgonjwa aliyezimeza kila siku, akiamini kwamba anajitibu.

Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani liliipima kazi ya mamlaka yetu na kuipa daraja la tatu kati ya madaraja manne. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza katika Afrika kufika hapo. Sifa hiyo ni ya wengi: wanaopima vidonge maabara, wanaofungua makasha bandarini Dar es Salaam, wanaokaa mpakani usiku. Mwaka 2019 kazi ya chakula ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Mamlaka ikabaki na dawa na vifaa tiba, na jina likawa TMDA.

MAHINDI YETU

Chakula nacho kina wakaguzi, na mkaguzi wa kwanza wa mahindi ni wewe uliyeyalima. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafla. Macho yalikuwa ya manjano, matumbo yalivimba. Karibu watu 20 walikufa. Wataalamu walipopima mahindi majumbani walikuta sumukuvu. Hii ni sumu itokanayo na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Ukungu huo hupenda joto na unyevu, na sisi wa bonde la Kilosa vyote viwili tunavyo. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Basi anika mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Yakauke kabisa kabla ya kuyatia ghalani. Chagua yaliyooza na yaliyobadilika rangi, uyatupe. Usimpe kuku wala usiyapeleke kwenye pombe.

UKINUNUA DAWA

Wewe unayejua kusoma, tumia kusoma kwako. Kwenye kasha la dawa tafuta herufi EXP. Mbele yake pana mwezi na mwaka. Ikiandikwa 06/2027, maana yake dawa hiyo haitumiki tena baada ya mwezi wa sita wa mwaka 2027. Kama tarehe imekwanguliwa, au hakuna, irudishe. Usinunue dawa iliyoanikwa juani gulioni, wala vidonge vilivyofungwa katika kipande cha gazeti. Jirani asiyejua kusoma akikuomba umsomee kasha lake, msomee.

Tuseme umemeza dawa na mwili umetoka vipele, au uso umevimba, au mtoto amezidiwa badala ya kupata nafuu. Nenda zahanati upesi, nenda na kasha lake na vidonge vilivyobaki. Mwambie mganga umeinunua wapi na siku gani. Iko fomu ya kujaza habari hizo na kuzipeleka TMDA. Kama hakuikumbuka, mkumbushe. Hapo ndipo mkaguzi aliye mbali anapopata habari kwamba Zombo kuna dawa ya kupimwa.