Butembo–Beni: Karte ikianguka njiani, inarudi kwa mkono wa mtu usiyemjua

Anayeshuka kwenye pikipiki pale VGH mjini Butembo, ao anayetoka ndani ya msongamano wa soko la Kilokwa mjini Beni, anajipapasa mifuko kwanza: simu, franga, karte. Franga zikianguka, wengi wanazihesabu kuwa zimekwenda. Simu, mtu anajaribu bahati yake. Lakini karte ya uchaguzi inatafutwa mpaka ipatikane, kwani bila hiyo ni vigumu mtu kuonyesha yeye ni nani.

Karatasi moja kwa kazi zote

Nchi yetu haijahesabu raia wake tangu mwaka 1984, na karte za kitambulisho za zamani zilibaki katika wakati wa Zaire. Mwaka 2005, tume ya uchaguzi iliyoongozwa na padri Apollinaire Malu Malu, mwana wa Lubero aliyekuwa pia rekta wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo, iliandikisha wapiga kura nchi nzima. Tangu hapo, karte ya uchaguzi ndiyo inayofanya kazi ya kitambulisho. Mwezi Juni 2023 Rais Félix Tshisekedi alipokea karte ya kwanza ya kitambulisho cha taifa, lakini kwa raia wa kawaida wa Butembo na Beni, ile ya CENI ndiyo ingali mfukoni.

Ndiyo inayoombwa ukienda kuchukua pesa ulizotumiwa, ukinunua namba ya simu, ukifika kwenye bariere. Kati ya Butembo na Beni kuna kilomita zipatazo 54 tu, lakini tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo la Kivu ya Kaskazini liko chini ya utawala wa kijeshi, na askari wanataka kujua nani anapita. Katika eneo ambako waasi wa ADF wameua raia wengi, mtu asiye na karatasi anaangaliwa kwa jicho la mashaka. Anaweza kushushwa kwenye pikipiki, kuulizwa maswali mengi, hata kutoa pesa ili apite. Kwa wakimbizi wa vita, waliotoka vijijini mbio bila kubeba kitu, shida hiyo ni ya kila siku.

Redio, parokia, shefu wa kata

Namna karte inavyorudi inajulikana na wengi. Aliyeiokota anaipeleka kwenye redio ya karibu, kwa shefu wa kata, kanisani ao msikitini. Redio inasoma tangazo, kwa Kiswahili, kwa Kinande ao kwa Kifaransa, na jirani ndiye mara nyingi anayesikia kwanza na kukimbia kumwambia mwenye mali.

Jina peke yake halitoshi. Kwa Wanande, majina mengi yanafuata namna watoto walivyozaliwa: Kambale, Kakule, Mumbere kwa wanaume, Masika, Kavira, Kahindo kwa wanawake. Ukitangaza tu kwamba karte ya Kambale imeokotwa, nusu ya kata inaweza kusimama. Ndiyo maana inafaa msomaji wa tangazo ataje jina kamili na mahali pa kuzaliwa.

Karte inarudi pia kwa sababu haimsaidii mwingine: ina picha na jina la mwenyewe. Simu ao bahasha ya dola ni jambo lingine. Hapo ni moyo wa aliyeokota unaopimwa.

Kuna pia swali la matabishi. Kumpa aliyekuletea kitu chako pesa ya usafiri na ya kunywa kitu ni adabu. Lakini kuna wanaoshika karte ya mtu na kudai bei kabla ya kuitoa. Sheria ya Congo inamwadhibu mtu anayeokota mali ya mwingine na kuificha kwa nia mbaya. Kwa Kifaransa kosa hilo linaitwa cel frauduleux. Kuokota hakukupi haki ya kuuza.

Woga wa aliyeokota

Si kila anayekaa kimya ni mwizi. Mjini Butembo na Beni, watu wamekwisha kupigwa, hata kuuawa na kundi la vijana, kwa sababu tu mtu alipaza sauti kuwa ni wezi. Sasa mtu ameokota simu njiani, inalia ndani ya mfuko wake mbele ya watu. Ataeleza nini? Wengine wanaona heri kuizima ao kuiacha pale pale chini. Kwa hiyo haki ya kienyeji inayodai kupigana na wizi inawatisha pia watu wema, na mwenye mali anakosa kitu chake.

Dawa yake ni mashahidi. Ukiokota kitu cha thamani, waonyeshe watu wawili ao watatu walio karibu, kisha ukipeleke siku ile ile kwa shefu wa kata, kwenye redio ao kwenye parokia, na uache jina lako pale. Kikikaa kwako siku tatu, maelezo yanakuwa magumu.

Kazi ya mwenye mali

Na mwenye mali anaweza kumrahisishia kazi mtu huyo asiyemjua. Andika namba ya simu ya ndugu kwenye kikaratasi, ukiweke ndani ya kifuniko cha simu ao pamoja na karte. Simu yenye kodi haifunguki, lakini ukiipigia, aliyeiokota anaweza kuipokea: ongea naye kwa upole, usianze kwa matusi. Ukipanda pikipiki, shika namba iliyo kwenye jile ya motari, maana mizigo mingi inasahauliwa pale.

Karte isiporudi, nenda kwenye ofisi ya mtaa kuomba atestasio ya kupoteza karatasi. Itakusaidia njiani wakati unatafuta duplikata kwa CENI. Na piga fotokopi ya karte yako leo, ungali nayo, uiache nyumbani: siku ya kwenda redioni, utakuwa na jina na namba kamili mkononi.