Kasha la Mtandaoni: Ufunguo Uko kwa Nani?



Zamani, katika nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Lamu hadi Vanga, hapakukosekana kasha. Humo ziliwekwa hati ya shamba, cheti cha ndoa, barua za waliosafiri na dhahabu ya binti anayesubiri kuolewa. Ufunguo ulifungwa kwenye pindo la leso ya mama mwenye nyumba, na wakubwa kwa wadogo walijua kwamba kasha halifunguliwi ila kwa idhini yake. Siku alipofariki, jamaa walijua ufunguo uko wapi na nani anastahiki kuwapo wakati wa kufungua.

Leo yaliyokuwa ndani ya kasha yamehamia kwenye simu. Kutoka kwenye simu yanapanda, mara nyingi bila ya mwenyewe kujua, hadi kwenye hifadhi za mtandaoni kama Google Drive, Google Photos, iCloud, OneDrive na Dropbox. Watu wa fani hiyo huiita hifadhi hii "wingu", na jina hilo limewafanya wengi wadhani kwamba ni kitu kisicho na mahali wala mwenyewe. Ukweli ni kwamba wingu hilo ni majumba yaliyojaa kompyuta, yaliyojengwa katika nchi mbalimbali, yenye wenyewe na walinzi. Njia ya kuyafikia inapita chini ya bahari yetu hii hii. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitufikia Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mwezi wa Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima.

Basi anayeweka picha au cheti huko amemkabidhi mtu mwingine kitu chake amhifadhie, na jambo hilo sisi tunalijua kwa jina la amana. Mwenye kuweka amana hulazimika kujiuliza mambo matatu: ufunguo uko kwa nani, nani anaweza kukiona kilichomo, na nani atafungua siku mwenyewe asipokuwapo.

Faida isiyopingika

Wahenga walisema akiba haiozi. Simu huibiwa ndani ya matatu, hutumbukia kwenye ndoo ya maji, na mtoto akiichezea hufuta asichokijua. Nyumba nazo huingiwa na mafuriko au huungua. Mwenye nakala mtandaoni hununua simu nyingine, akaingia kwenye akaunti yake, na kukuta vitu vyake vimemngoja.

Wako ambao nakala hizo kwao ni zaidi ya starehe. Mabinti zetu wanasafiri kwenda Saudi Arabia, Qatar na Imarati kufanya kazi za nyumbani, na wapo ambao wakifika hunyang'anywa pasipoti na simu. Kabla binti hajaondoka, kaeni naye jioni moja. Mpige picha kurasa za pasipoti, mkataba uliotiwa saini, cheti cha daktari, na karatasi yenye jina na nambari ya wakala na ya mwajiri. Muviweke vyote katika folda moja mtandaoni, na folda hiyo mama yake na ndugu yake mmoja wapewe ruhusa ya kuifungua. Likitokea la kutokea, familia itakwenda kwa wakuu ikiwa na karatasi mkononi, haitakwenda na kilio peke yake.

Lakini nakala haisimami mahali pa hati ya asili. Hati ya shamba na cheti cha ndoa viendelee kutunzwa vilevile vilivyotunzwa na wazee wetu. Nakala ni ya kukukumbusha nambari, tarehe na majina, na kukurahisishia kuomba nyingine asili inapopotea.

Ufunguo uko kwa nani?

Hakuna mama wa Kisauni au Malindi asiyejua kwamba nambari ya siri ya M-Pesa haitajwi mbele ya mtu. Lakini ukimuuliza neno la siri la akaunti ya Google iliyo ndani ya simu hiyo hiyo, wengi watakujibu, "Nilifunguliwa na kijana wa dukani." Kijana yule alijaza jina, akabuni neno la siri, akakabidhi simu, na wote wawili wakasahau. Simu ikipotea, mama hana wa kumuuliza, na picha za miaka mingi zimekwenda. Na ikiwa kijana hakusahau, basi ufunguo wa kasha la mama uko kwa mtu asiye maharimu wake wala jamaa yake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kubadilisha neno la siri, ukiwa peke yako au na mwanao unayemwamini. Liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na lisiwe lile unalotumia kwingine. Liandike katika daftari linalofungiwa ndani. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, ambao humtaka anayeingia kwa mara ya kwanza katika simu au kompyuta mpya aoneshe ithibati ya pili baada ya neno la siri. Ithibati hiyo huwa ni nambari inayotumwa kwenye simu yako, au kukubali kwako kwa kubonyeza. Nambari ile ikija, hapewi mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni.

Tahadhari hii si ya bure. Mwaka 2014 picha za faragha za waigizaji mashuhuri wa Marekani zilienea duniani. Watu walidhani kwamba ukuta wa kampuni umebomolewa. Kesi zilizofuata zilionyesha kwamba wezi walituma barua pepe zilizojifanya zimetoka Apple au Google, na waliotumiwa wakaandika maneno yao ya siri kwa mikono yao. Ukuta ulikuwa umesimama; mlango ulifunguliwa kwa ufunguo wake.

Vilevile mwenye kwenda saiba kuchapisha cheti ahakikishe amejitoa kwenye akaunti yake kabla ya kuinuka kitini, na nakala aliyoishusha kwenye kompyuta ile ameifuta. Na anayeuza simu yake, au kumpa mpwa wake, aondoe kwanza akaunti yake kisha aifute simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani.

Nani anaona kilichomo?

Siri ya mtungi muulize kata. Katika shughuli zetu za wanawake, usiku wa hina au siku ya kupamba, mara nyingi huwekwa mtu mlangoni wa kukusanya simu, kwa kuwa waliomo ndani wamejifunua na kujipamba wakiwa na amani. Hiyo ni desturi njema. Hata hivyo, simu ile moja iliyoruhusiwa kupiga picha huenda imewekewa kupandisha picha zote mtandaoni zenyewe. Na ikiwa akaunti yake ndiyo iliyo katika kishikwambi wanachochezea watoto sebuleni, au katika simu ya zamani aliyopewa shemeji, picha za ukumbini zitafika huko kabla bibi harusi hajaoshwa hina. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini stara ya watu imeshavunjika.

Dawa yake ni kila mtu mzima kuwa na akaunti yake. Akaunti moja ya nyumba nzima inaonekana ni rahisi, nayo ni kama kasha moja lenye funguo saba. Yanayowahusu wote, kama risiti za karo na vyeti vya kuzaliwa, yawekwe katika folda moja na kushirikishwa kwa majina.

Nimesema kwa majina kwa makusudi. Hifadhi hizi zina njia mbili za kumshirikisha mtu. Ya kwanza ni kutaja anwani ya barua pepe ya kila unayemruhusu, na asiyetajwa akijaribu hafunguliwi. Ya pili ni kutengeneza kiungo ambacho yeyote aliyenacho hufungua. Njia hii ya pili ndiyo inayopendwa na wapiga picha wa harusi, kwa wepesi wake. Kiungo hutumwa kwa bibi harusi, naye akamtumia dada yake, dada akakitia katika kundi la WhatsApp la watu 200, na toka hapo hakuna ajuaye kimefika wapi. Zungumza na mpiga picha kabla ya harusi: albamu ishirikishwe kwa majina, na baada ya kukabidhiwa picha, kiungo kifungwe na nakala zake zifutwe. Viungo ulivyokwisha kuvitoa huko nyuma unaweza kuvifunga hata leo, ingawa aliyekwisha kushusha picha anazo.

Kufuta nako kuna hesabu yake. Mwenye kufuta picha ndani ya Google Photos au iCloud ajue kwamba inafutika katika simu zote zilizounganishwa na akaunti ile. Wako waliofuta ili wapate nafasi kwenye simu, wakakuta na huko juu hapana kitu. Picha iliyofutwa hukaa katika pipa la taka, siku 60 kwa Google Photos ikiwa ilikuwa imehifadhiwa mtandaoni, na siku 30 kwa iCloud. Aliyejuta awahi kabla ya siku hizo. Na aliyekusudia kitu kiondoke kabisa, amwage na pipa.

Mazungumzo ya WhatsApp nayo yana nakala zake huko. Nakala hizo hazifungwi kwa ufunguo wako wewe peke yako mpaka uchague hivyo katika mipangilio, jambo linalowezekana tangu mwaka 2021. Ukichagua, lihifadhi vyema neno la siri lake, maana ukilipoteza hata kampuni yenyewe haiwezi kukufungulia.

Sheria ya nchi inazitambua haki hizi. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kimtandao inamhesabu mwenye kusambaza picha za siri za mtu kuwa mkosaji, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ofisi ya kamishna wake hupokea malalamiko ya wananchi. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi. Basi dada aliyedhulumiwa asinyamaze kwa haya akadhani hana pa kwenda.

Nani atafungua usipokuwapo?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kulishuhudisha. Na kila mwenye kugawa mirathi anajua kwamba baada ya gharama za maziko hutangulia deni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wapate fungu lao. Lakini siku hizi daftari la madeni liko ndani ya simu: nani anamdai marehemu, nani anadaiwa, shamba lilinunuliwa kwa makubaliano gani. Simu ikiwa imefungwa na neno la siri limezikwa na mwenyewe, warithi hubaki wanabahatisha, na deni la maiti hubaki shingoni mwake.

Makampuni yameweka njia. Google humruhusu mwenye akaunti kuchagua watu wasiozidi 10 watakaoarifiwa, na akipenda wapewe vitu atakavyovitaja, ikiwa akaunti haijatumika kwa miezi 3, 6, 12 au 18, kwa chaguo lake. Apple, tangu Desemba 2021, humruhusu mtu kumtaja atakayefunguliwa akaunti baada ya kifo chake, kwa ufunguo maalumu na cheti cha kifo. Asiyechagua mtu ajue pia kwamba Google, tangu Desemba 2023, inaweza kuifuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2 pamoja na vyote vilivyomo. Sauti ya baba na picha za mama aliyetangulia zinaweza kupotea hivyo, watoto wakidhani ziko salama.

Nawausia akina mama katika kumchagua huyo mtu. Picha zako ulizopiga ukiwa huna mtandio zisifunguliwe na yeyote atakayeipata simu yako. Mchague binti yako au dada yako, umwambie wazi lipi alitoe kwa warithi na lipi alifute. Mambo ya mali na madeni yawekwe katika folda ya peke yake, ili atakayeyatafuta asilazimike kupita kwenye picha.

Liko na jambo la nafasi. Google hutoa bure gigabaiti 15, Apple 5, Microsoft 5 na Dropbox 2. Katika hizo 15 za Google zimo barua pepe, picha, mafaili, na tangu mwaka 2024 nakala za WhatsApp za simu za Android pia. Zikijaa, hata barua pepe hazipokelewi, na huenda iliyokosekana ni ile ya mwito wa kazi. Video za mzaha zilizotumwa na makundi zifutwe, yabaki yenye thamani. Na yenye thamani kubwa yawe na nakala nyingine katika diski au memori kadi iliyofungiwa nyumbani, kwa siku ambayo waya utakatika baharini au akaunti itakapofungwa.

Juma hili, baada ya Isha, kila nyumba iketi na simu zake. Wakubwa wawafundishe wadogo maana ya amana, na wadogo wawaoneshe wakubwa pa kubonyeza.

Wabillahi tawfiq.