Popo na Mashamba (Sehemu ya Pili): Nondo wa Juni

Juma lililopita tulisema popo wengi hula wadudu. Mkulima hatosheki na jibu hilo: anataka kujua ni mdudu yupi, na mwezi gani. Swali hili limechunguzwa kwa kina kusini mwa Texas, Marekani.

Popo wa huko, Tadarida brasiliensis, huingia kutoka Mexico kuanzia Februari na Machi, wengi wao wakiwa majike. Katika pango la Bracken, karibu na San Antonio, hukusanyika kwa mamilioni, na mwezi Juni kila jike huzaa mtoto mmoja. Akinyonyesha, jike huyo mwenye gramu 12 hivi aweza kula kwa usiku mmoja wadudu wanaokaribia theluthi mbili za uzito wake.

Shambani nako Juni si mwezi wa kawaida. Nondo Helicoverpa zea hutaga mayai kwenye ndevu za mahindi. Viwavi hutafuna punje, kisha hujizika ardhini na kugeuka bundo. Wakiibuka mwezi huo katika bonde la Rio Grande na kaskazini mashariki mwa Mexico, nondo hupanda mamia ya mita na kuchukuliwa na upepo wa kusini hadi kwenye mashamba mengine, ya pamba yakiwemo. Popo huwapokea hukohuko juu.

Wanachokula popo kimesomwa kwenye kinyesi, kazi isiyo na fahari lakini yenye majibu. Zamani watafiti walitafuta vipande vya mabawa kwa hadubini. Baadaye Gary McCracken na wenzake wakatumia vinasaba kumtambua nondo huyuhuyu. Nondo wanapofurika, sehemu yao katika mlo hupanda. Wakipungua, mbawakawa, kunguni wa mimea na sisimizi wenye mabawa huchukua nafasi. Vuli, pepo za kaskazini zikileta nondo wanaorudi kusini, popo hunenepa kwa safari ya Mexico. Hata usiku mmoja haulingani mwanzo na mwisho, kwani alfajiri nondo huongezeka. Ndiyo maana siamini orodha yoyote ya chakula cha popo iliyotokana na kinyesi cha jioni moja.

Mwaka 2006, mtafiti Cleveland na wenzake walikadiria kuwa katika wilaya 8 za eneo la Winter Garden popo huwaokolea wakulima wa pamba dola 741,000 hivi kwa mwaka, wakati zao lenyewe lilikuwa na thamani ya dola milioni 4.6 hadi 6.4. Thamani ya kazi hiyo ya popo ilishuka pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba ili iue viwavi, ilipoenea na bei ya pamba kuanguka, ingawa popo waliendelea kula vilevile.

Funza wa vitumba anayewasumbua wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Helicoverpa armigera, ni ndugu wa karibu wa nondo huyo. Na popo wadogo wenye mkia huru wanaolala kwenye mapaa yetu ni wa familia moja na wale wa Bracken. Juma lijalo tutawafuata jamaa zao katika mashamba ya miwa ya Eswatini.