Kidato cha Sita: Mtihani wa mzazi huanza mtoto anapomaliza wake

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KILA mwaka ifikapo Mei, nyumba nyingi za kata ya Makole, jijini Dodoma, hubadilika tabia. Wenye vijana wanaosoma kutwa hupunguza sauti ya redio na kuwaomba wageni waje siku nyingine. Wenye watoto walioko bwenini, Tabora, Iringa au Kilimanjaro, husubiri simu kwa wasiwasi. Huo ndio mwezi ambao Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huendesha mtihani wa kuhitimu kidato cha sita.

Wazazi wengi huutazama mtihani huo kama mwisho wa safari. Ada imelipwa, sare zimenunuliwa, nauli za likizo zimepatikana kwa taabu. Karatasi ya mwisho ikikusanywa, mzazi huvuta pumzi na kusema kazi yake imekwisha, sasa ni kusubiri matokeo.

Hapo ndipo makosa makubwa huanza. Kati ya Mei na Oktoba kuna mlolongo wa hatua ambazo zikikosewa, kijana aliyefaulu anaweza kubaki nyumbani, huku mwenzake aliyepata alama za chini kuliko zake akifunga begi kwenda chuo kikuu. Makala haya yanaeleza hatua hizo na mahali ambapo mkono wa mzazi unahitajika zaidi.

Kabla ya mtihani

Mzazi asiyejua fizikia wala uchumi asijione hana la kufanya. Yako mambo mawili yasiyohitaji elimu ya juu.

La kwanza ni usingizi. Wataalamu wa afya hupendekeza kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Akili hupanga na kuhifadhi yaliyosomwa wakati mtu amelala. Kwa hiyo anayekesha wiki nzima akimwagia miguu maji baridi ili asisinzie, anapoteza sehemu ya kile anachokitafuta. Mzazi anayesifia mkesha humdhuru mtoto bila kujua.

La pili ni namna ya kusoma. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akionyesha kwamba mtu husahau upesi sana mara tu baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana husaidia kuliko kurundika yote siku moja. Tafiti za baadaye zimeongeza kwamba anayefunga daftari na kujiuliza maswali hukumbuka zaidi kuliko anayesoma ukurasa uleule mara tano. Hata mama asiyejua somo lenyewe anaweza kushika daftari na kusema: "Haya mwanangu, nieleze ulichosoma leo." Kijana akikwama, amejua pa kurudia.

Aidha, wazazi wajihadhari na wauzaji wa "mitihani". Kila msimu huibuka watu wanaodai kuwa na karatasi halisi na kuzitangaza kwa ujumbe wa simu. Nyingi ni utapeli mtupu. Hata hivyo, hatari kubwa si fedha inayopotea, kwani mtahiniwa anayebainika kufanya udanganyifu hufutiwa matokeo, na miaka yake miwili ya kidato cha tano na cha sita hupotea. Mzazi anayetoa fedha hiyo anamnunulia mwanawe balaa.

Pointi za aina mbili

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutangazwa Julai, na siku hiyo mtaani husikika swali moja tu: "Ana divisheni ngapi?" Swali hilo lina maana, lakini silo ambalo chuo kikuu huliuliza.

NECTA hupanga madaraja kwa masomo matatu ya tahasusi. Alama A hupewa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, E pointi 5, S pointi 6 na F pointi 7. Kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo ufaulu unavyokuwa mzuri. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, la pili 10 hadi 12, la tatu 13 hadi 17, na la nne 18 hadi 19.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005, huhesabu kinyume chake. Kwa waliohitimu kuanzia mwaka 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sifa ya chini ya kuingia shahada ya kwanza kwa mwenye cheti cha kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili, kuanzia A hadi E, yenye jumla isiyopungua pointi 4. Masomo hayo sharti yawe yale yanayotakiwa na kozi inayoombwa.

Chukulia vijana wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza amepata C, E na S. Kwa hesabu ya NECTA hizo ni pointi 14, yaani daraja la tatu. Wa pili amepata D, E na E. Nazo ni pointi 14, daraja la tatu. Majirani watasema wamelingana. Lakini kwa hesabu ya TCU, wa kwanza ana C na E, jumla pointi 4, hivyo amefikia sifa ya chini. Wa pili ana D na E, jumla pointi 3, na hajafikia. Mzazi asiyeijua tofauti hii anaweza kumlaumu mtoto bure, au kulipia maombi ya shahada yasiyoweza kukubaliwa.

Izingatiwe pia kwamba sifa ya chini ni mlango tu. Kozi nyingi zina masharti yake. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, hudai ufaulu usiopungua D katika kila somo la fizikia, kemia na baiolojia, na kwa sababu waombaji ni wengi kuliko nafasi, wanaochaguliwa huwa na alama za juu zaidi ya hizo. Masharti ya kila kozi yameandikwa katika mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka. Usomwe kabla ya kuomba, na usomwe ule wa mwaka husika.

Kijana yuko kambini, dirisha liko wazi

Tangu mwaka 2013, wahitimu wa kidato cha sita wameitwa tena katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Wito huo kwa kawaida huwakuta mwishoni mwa Mei au mapema Juni, wiki chache baada ya mtihani. Wako wanaopangiwa Makutupora, hapa hapa Dodoma, na wako wanaopelekwa mikoa ya mbali.

Sasa tazama kalenda. Miezi hiyo hiyo ya Juni hadi Agosti ndiyo ambayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imezoea kupokea maombi. Vyuo navyo hufungua dirisha la kwanza la udahili Julai, mara matokeo yanapotoka. Kijana yuko kambini anajifunza gwaride, wakati karatasi zake ziko kabatini Makole. Asiyekuwa na mtu wa kumfuatilia nyumbani yuko hatarini kuchelewa.

Kwa hiyo kazi ya nyaraka ifanywe mapema, ikiwezekana mtoto akiwa bado kidato cha tano. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Mdhamini awe na kitambulisho na picha. Fomu ya mkopo inahitaji sahihi ya kiongozi wa serikali ya mtaa, na ya hakimu au wakili.

Jambo linalowaumiza wengi ni majina. Mtoto aliandikishwa shule ya msingi kwa jina la babu, cheti cha kuzaliwa kina jina jingine, na cheti cha kidato cha nne kina herufi iliyozidi. Tofauti hiyo haionekani kuwa kitu mpaka siku ya maombi. Kuirekebisha kunahitaji hati ya kisheria kutoka kwa wakili, na hati hiyo huchukua muda. Linganisheni majina hayo leo, herufi kwa herufi.

Kwa walio na vyeti vya kidato cha nne zaidi ya kimoja kwa kurudia mtihani, namba ya mtihani inayotumika kuomba mkopo iwe ileile iliyotumika kuomba chuo. Zikitofautiana, mwombaji anaweza kukosa mkopo ingawa amechaguliwa chuo.

Ieleweke pia kwamba mkopo si zawadi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Kijana alijue hilo kabla hajatia sahihi.

Nani achague kozi?

Kati ya mwaka 2010 na 2016 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja wa TCU. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka. Faida yake ni uhuru wa kuchagua, na gharama yake ni kwamba makosa yote sasa ni ya mwombaji.

Anayechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, ndani ya muda uliowekwa, kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu. Hivyo namba ya simu inayoandikwa iwe ya kudumu na iwe mikononi mwa mtu anayesoma ujumbe wake. Ikiandikwa laini ya mwenye duka la intaneti aliyemjazia fomu, namba ya siri itakwenda kwa mwenye duka.

Kuhusu kozi yenyewe, Dodoma ina mtihani wake wa pekee. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, wazazi huona kila asubuhi magari yakielekea Mtumba, nao hutamani mtoto awe mtu wa ofisi. Tamaa hiyo si dhambi. Lakini atakayekaa darasani miaka mitatu au mitano ni mtoto. Mzazi aulize maswali: kozi hii inafundisha nini, waliomaliza wanafanya kazi gani, na ukikosa hii utachukua ipi? Kisha asikilize majibu bila kukatiza.

Umbali nao ni hesabu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Chuo cha Mipango na tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara vyote viko jijini. Kijana anayelala nyumbani hupunguza gharama ya chumba na chakula. Kwa familia isiyo na uhakika wa mkopo, jambo hilo laweza kuamua kama ataendelea au ataacha.

Matokeo yasipokuwa mazuri

Januari 2023, NECTA iliacha kutangaza orodha ya shule na watahiniwa walioongoza. Majumbani, hata hivyo, orodha bado zinatangazwa: mtoto wa fulani kapata hivi, wewe je? Ulinganisho huo hauongezi pointi hata moja.

Zipo njia nyingine za halali. Mtahiniwa anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kusoma stashahada katika chuo kinachosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi, na akimaliza kwa wastani usiopungua 3.0 akaomba shahada. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi kwa waliopungukiwa sifa. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA navyo vipo kwa anayetaka kazi ya mikono. Njia hizi hurefusha safari, lakini hazimtoi mtu barabarani.

Kijana anayejifungia chumbani, asiyekula, asiyelala au anayesema heri asingezaliwa, hahitaji hotuba. Anahitaji mtu wa kukaa naye na, hali ikizidi, mtaalamu wa afya. Sisi wa Dodoma tuna hospitali ya Mirembe, na tumezoea kulitumia jina lake kwa mzaha. Mzaha huo huwafanya vijana wafiche maumivu yao. Kituo cha Afya Makole kiko jirani kwa kuanzia, na simu ya msaada kwa watoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Vyeti na majina navyo hunyooshwa mapema, kabla dirisha halijafunguliwa. Mtoto akiingia chumba cha mtihani, mzazi hawezi kumfuata. Lakini akitoka, aikute bahasha yake iko tayari mezani.