Siti binti Saad na Lugha ya Nyimbo: Funzo kwa Watafiti wa Tarime na Serengeti

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya Siti binti Saad wa Unguja, na aliyetangulia kuyaandika kwa kalamu iliyostahili ni Shaaban Robert, ambaye maandishi yake yalitolewa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, kisha yakawa kitabu. Sikusudii kuyarudia yote aliyoyasema. Nia yangu katika makala haya ni kueleza jambo moja tu ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa nafasi yake: ni nini katika lugha yenyewe kilichomsaidia Siti kuufanya wimbo wa Kiswahili usimame palipokuwa pamekaliwa na wimbo wa Kiarabu, na jambo hilo latufunza nini sisi tunaochunguza lugha za Tarime na Serengeti, mkoani Mara.

Kwanza tumtazame mtu mwenyewe. Siti alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa la mzaha. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya utumwa. Asili ya baba ilikuwa Unyamwezi na ya mama Uzigua, na utumwa haukufutwa kisheria katika Unguja mpaka mwaka 1897. Hakusoma chuoni wala shuleni. Alifuata kazi ya kufinyanga vyungu na kuvichukua kichwani kwenda kuviuza, akivinadi kwa sauti njiani. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alipata mwalimu, Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Alifundishwa kuimba kwa kusikia na kushika moyoni, maana kalamu hakuijua. Ndipo alipolivua jina la Mtumwa akavikwa la Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima.

Taarabu ya siku zile ilikuwa mgeni aliyealikwa na wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliileta kutoka Misri, na maneno yake yalikuwa ya Kiarabu. Wengi waliosimama nje ya ukuta waliusikia uzuri wa sauti bila kuipata maana. Siti na wenzake, akina Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruku Effandi Talsam na Maalim Shaaban, waliitia ndani yake lugha ya Ng'ambo. Waliimba mapenzi, lakini pia waliimba mambo ya mahakama na dhuluma walizofanyiwa wanyonge, hasa wanawake. Wimbo wa "Kijiti", uliotokana na kuuawa kwa mwanamke mmoja mgeni, wakumbukwa mpaka leo. Baina ya nyimbo waliigiza vichekesho vifupi, hivyo kwamba Siti hakuwa mwimbaji wa kusikizwa tu bali pia wa kutazamwa. Mwaka 1928 walisafiri mpaka Bombay wakarekodiwa kwenye santuri, na sauti ya mfinyanzi wa Fumba ikasikika mbali na pwani yake.

Sasa tuje katika lugha. Mtu aweza kudhani kwamba kuhamisha tuni kutoka lugha moja hata nyingine ni kazi ya kubadili maneno tu. Sivyo. Kila lugha ina masharti yake, na Kiswahili kina masharti mepesi matatu.

La kwanza, silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Neno la Kiarabu *hukm* ni silabi moja iliyofungwa kwa konsonanti mbili. Kiswahili kimelifungua likawa *hukumu*, silabi tatu. Kadhalika *waqt* limekuwa *wakati*. Mwimbaji anayetaka kuivuta sauti mwisho wa neno hupata irabu ya kuvutia.

La pili, hesabu ya mizani. Washairi wetu hupima mshororo kwa idadi ya silabi, si kwa urefu wala ufupi wake kama ufanyavyo ushairi wa Kiarabu. Hata *m* ya neno *mtu* huhesabiwa mizani kamili, na yaweza kubeba noti yake peke yake.

La tatu, na ndilo kubwa, Kiswahili hakina toni. Mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na ni nadra kupambanua maana, kama katika *barabara* ya kupita na *barabara* ya sawasawa. Mwimbaji akilipandisha neno *ninakupenda* au akilishusha, maana haitikisiki. Tuni ya Misri haikukuta mlangoni bawabu wa kuizuia.

Hapa pana jambo la kutafakari. Kinyamwezi, lugha ya asili ya baba yake Siti, ni lugha ya toni; na Kizigua, ya asili ya mama yake, ni vivyo hivyo. Lau Siti angeimba kwa lugha za wazee wake, asingeiona njia ile ile imenyooka.

Na ndipo tunapofika Tarime na Serengeti. Kikurya kina irabu saba, na toni yake imewashughulisha wanaisimu wa mataifa mengi: katika kitenzi, toni ya juu huanzia mora ya kwanza ya shina, au ya pili, au ya tatu, au ya nne, kwa kufuata njeo. Jirani zake wa Serengeti, Kingoreme, Kinata, Kiikoma na Kiisenye, nao wana toni zao. Basi mtunzi wa huku ana mabwana wawili, tuni na toni. Uchunguzi wa lugha nyingi za toni duniani umeonyesha kwamba waimbaji hawaifuati toni kama watumwa, wala hawaitupi kabisa. Hupatana nayo, na kila lugha ina mapatano yake. Mapatano hayo hayasomeki katika kamusi. Yamo katika vinywa vya waimbaji na katika nyuzi za ritungu.

Nalisema hili kwa sababu ya jambo lililonipata mimi mwenyewe. Katika kijiji kimoja cha Tarime nilimchezea bibi mmoja mwimbaji, mtu wa makamo ya mama yangu, sauti ya Siti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, huyu yuko hai?" Nikamwambia alifariki mwaka 1950. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi utanichukua lini?" Nilikuwa nimekwenda kwake na orodha ya vitenzi mia mbili, nyimbo sikuwa nimezitia katika mpango. Nilirudi baada ya miezi saba. Nilikuta matanga yamekwisha. Vitenzi vyake ninavyo vyote.

Kosa lile lilikuwa langu, na sidhani ni langu peke yangu. Tumezoea kukusanya maneno yaliyotengwa moja moja, na kuuacha wimbo kuwa pumbao la baada ya kazi. Lakini katika lugha ya toni wimbo ni ushahidi: mahali ambapo toni imeishinda tuni, na mahali iliposhindwa, hutuonyesha uzito wa kila toni katika akili ya msemaji. Kwa hiyo nashauri kwamba mtafiti aendaye Tarime au Mugumu arekodi kila wimbo mara mbili: kwanza ukiimbwa, kisha maneno yake yakisemwa na mwimbaji yule yule bila tuni, halafu aandike toni za nakala zote mbili sambamba.

Siti hakuijua kalamu, lakini twamjua. Alihifadhiwa na wawili, santuri na Shaaban Robert, aliyemkuta akiwa bado hai akamwuliza habari zake. Waimbaji wa Tarime na Serengeti hawakupungukiwa na sauti. Waliopungukiwa ni sisi, tuliokwenda kwao na kuuliza nusu ya maswali.