Mfuatano wa kodi: umbo likihama, sikio hufuata

Katika kwaya zetu hapa Babati mjini, ubeti wa mwisho ukifika, mpiga kinanda mara nyingi hubonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, na waimbaji wote hupanda nusu toni. Wimbo hupata nguvu mpya, ingawa kinachoimbwa ni kilekile, kimeinuliwa tu. Wapo wanaodhani huo ndio mfuatano wa kodi. Sivyo.

Kodi ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Kodi mbili au tatu zikiunda umbo fulani, kisha umbo hilo likarudiwa likianzia noti nyingine, juu au chini, tumepata mfuatano. Mara nyingi ufunguo haubadiliki kabisa.

Chukua Kanoni ya Johann Pachelbel, ambayo maharusi wengi huingia nayo kanisani. Besi yake huenda do–so, la–mi, fa–do. Kila jozi inaruka vilevile kwenda chini, na kila jozi huanza hatua mbili za skeli chini ya iliyotangulia. Umbo halikubadilika, ila rangi imebadilika: kodi za do na so ni meja, za la na mi ni maina, kisha meja zinarudi. Ndiyo maana marudio hayo hayachoshi.

Mfuatano unaotumika kuliko yote ni ule wa kushuka kwa tano. Kodi zake husimama juu ya la, re, so, do, fa, ti, mi, kisha hurudi la. Wapenzi wa muziki wa dansi wa zamani wanaujua bila kujijua: wimbo wa Gloria Gaynor wa mwaka 1978, “I Will Survive”, umejengwa juu yake mwanzo hadi mwisho.

Jaribuni katika mazoezi. Besi waimbe la, re, so, do, fa, ti, wakishuka na kupanda kwa zamu ili sauti isizame. Juu yao alto waimbe do, do, ti, ti, la, la. Do ya kwanza imetulia ndani ya kodi ya la. Besi wakihamia re, do ileile inagongana nao bila alto kufanya lolote. Wakifika so, alto hushuka hatua moja hadi ti na mgongano huisha. Ti nayo ikishikwa, mgongano mwingine huzaliwa juu ya do. Kila utulivu unabeba mbegu ya mvutano unaofuata, na huo ndio mtambo unaousukuma mfuatano mbele.

Sasa itazameni kodi ya ti, yenye ti, re na fa. Ikipigwa peke yake hulia kwa wasiwasi, na watunzi wengi huikwepa. Ndani ya mfuatano hupita salama, kwa sababu sikio limeshika umbo na linangoja hatua inayofuata. François-Joseph Fétis, mwananadharia wa Ubelgiji wa karne ya 19, alieleza kwamba wakati wa mfuatano akili humezwa na mwendo huo, na mvuto wa do huahirishwa mpaka wimbo ufike kituoni.

Hapo ndipo watunzi wetu wengi hukwama: wakishapata mfuatano mtamu, hawajui pa kuuachia. Sikio likishatabiri kila kodi, halina sababu ya kuendelea kusikiliza. Rudini kwa Pachelbel. Baada ya jozi tatu, umbo lilidai re–la. Yeye akaweka fa–so, kodi mbili zinazomrudisha msikilizaji nyumbani do. Toeni umbo mara mbili au tatu, kisha livunjeni, na palepale mnapolivunja pawe na njia ya kurudi do.